Tafuta Kazi Yenye Meli: Historia Fupi ya ADHD na Ajira

Wacha tuanze na mtu ambaye wote tunamjua. Ana miaka 27 na tangu amalize chuo amepitia kazi tano. Kila moja ilianza kwa moto. Mwezi wa kwanza anafika kabla ya mlinzi, anakuja na mawazo mapya kila Jumatatu, bosi anamsifu mbele ya watu. Mwezi wa nne ripoti zimeanza kuchelewa, na kuna fomu ya dakika kumi ambayo imekaa mezani wiki tatu. Kufika mwezi wa sita, ama ameitwa kujieleza ama ametoka mwenyewe kabla aitwe. Nyumbani wanasema hatulii. Mtaani wanasema ni mvivu. Yeye mwenyewe, saa nane usiku, anajiambia mambo makali kuliko hayo yote.

Pengine mtu huyo ni wewe. Pengine siku hizi unasikia ADHD ikitajwa kila mahali na unajiuliza kama hilo ndilo jina la venye umekuwa maisha yako yote. Na ukishafika hapo, swali linalobaki ni moja, tena zito: nitafanya kazi gani ambayo sitaichoka ndani ya miezi sita?

Wengi watakujibu na orodha ya kazi kumi bora. Mimi leo nataka turudi nyuma kama miaka 250, manake hili swali lina historia mbili. Moja ni ya madaktari na madarasa. Ya pili ni ya kazi yenyewe, na kipande chake kikubwa kilitokea hapa kwetu, bandarini Mombasa. Hizi historia mbili huwa hazisimuliwi pamoja, na nadhani ndio maana watu wanajilaumu kuliko inavyofaa.

Kabla tuendelee, tuelewane. ADHD ni hali ya ubongo, mara nyingi ya kurithi, inayofanya iwe ngumu kuelekeza umakini, kutulia, kupanga muda na kuzuia pupa. Jina lake linadanganya kidogo. Linasema umakini umepungua, lakini mtu huyo huyo anaweza kukaa saa sita akihariri video moja hadi asahau kula. Gari lina injini ya kutosha. Kinachosumbua ni usukani.

Walituona kwanza darasani

Mwaka wa 1775 daktari Mjerumani, Melchior Adam Weikard, aliandika kuhusu watu wasioweza kukaza fikira: wanaruka kutoka jambo moja hadi lingine, hawamalizi, wanasikia nusu ya maneno. Dawa alizopendekeza zingekuchekesha leo: maziwa yaliyochacha, maji baridi, kupanda farasi, na kwa walioshindikana, kutengwa mahali pa utulivu. Lakini picha aliyoichora ungeitambua mara moja.

Baada yake akaja Alexander Crichton, daktari kutoka Scotland, na kitabu chake cha 1798. Huyu ndiye namheshimu zaidi. Aliona kwamba kuna watu ambao kitu chochote kinawatoa kwenye mstari: mbwa akibweka, meza ikisogezwa, joto likizidi kidogo, mwanga ukiwa mkali. Akasema kila mwalimu amewahi kukutana na watoto ambao sarufi ya Kilatini na Kigiriki inawachosha kiasi kwamba si kiboko, si maneno matamu, kinachoweza kuwafanya wasikilize. Tafakari hiyo kidogo. Miaka zaidi ya 200 iliyopita mtu alishaona kwamba kiboko hakifanyi kazi hapa. Sisi tuliendelea nacho hadi juzi.

Katika miaka ya 1840, Heinrich Hoffmann, daktari wa Frankfurt, alitunga kitabu cha picha na mashairi kwa ajili ya mwanawe mdogo, na matoleo yaliyofuata yakaongezewa kijana Philipp ambaye hawezi kutulia mezani. Anayumba na kiti hadi anaanguka na kitambaa cha meza, chakula na vyombo vyote. Watu walicheka. Hadi leo Wajerumani wana jina hilo la Philipp kwa mtoto asiyetulia.

Halafu 1902, London. George Still, daktari wa watoto, anatoa mihadhara mitatu mbele ya chuo cha madaktari wakuu wa Uingereza. Anaeleza kuhusu watoto kama 20 wenye akili timamu kabisa lakini wasioweza kujizuia: wavulana 15, wasichana 5. Aliita tatizo hilo kasoro katika udhibiti wa kimaadili. Yaani kwa macho ya 1902, mtoto asiyetulia alikuwa na doa katika maadili yake. Ukisikia mtu akikuita huna nidhamu, ujue hiyo lugha ina zaidi ya miaka 120.

Sasa angalia tarehe. Kwa nini 1902 na si 1702? Uingereza ilipitisha sheria ya elimu ya msingi mwaka 1870, na kuanzia 1880 ikawa lazima watoto waende shule. Kwa mara ya kwanza kila mtoto, wa tajiri na wa maskini, alikalishwa kwenye dawati asubuhi hadi mchana akikopi ubaoni. Mtoto ambaye zamani angekuwa anakimbizana na kondoo au anapiga mvuo kwa mhunzi, sasa yuko mstari wa tatu na anatakiwa anyamaze. Hali yenyewe ilikuwepo tangu zamani, ndio maana Weikard na Crichton waliiona. Dawati lilifanya ionekane kwa kila mtu.

Vidonge vya hesabu

Mwaka 1937, huko Rhode Island, Marekani, Charles Bradley alikuwa daktari katika nyumba ya kutunza watoto wenye matatizo ya tabia. Aliwapa watoto 30 dawa ya Benzedrine, ambayo ni aina ya amfetamini. Kilichomshangaza ni kwamba dawa inayojulikana kwa kuchangamsha iliwatuliza karibu nusu yao, na kazi ya shule ikabadilika ndani ya siku chache. Watoto wenyewe waliiita vidonge vya hesabu.

Miaka saba baadaye, 1944, mwanakemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba huko Uswisi alitengeneza methilifenideti. Mkewe Marguerite, aliyeitwa Rita kwa mkato, aliitumia kabla ya kucheza tenisi, na kutokana na jina hilo dawa ikaitwa Ritalin. Hadi leo ni mojawapo ya dawa za kwanza daktari anazofikiria, na kwa watu wengi inafanya kazi kweli.

Lakini ona kipimo kilichotumika tangu mwanzo: hesabu, daftari, kukaa kitini. Dawa ilihesabiwa kuwa nzuri ikiwa mtoto amefanya kazi ya darasani. Hakuna aliyeuliza, huyu mtoto akifika miaka 30 atakuwa anafanya nini?

Mtu mzima alisahaulika

Hapa ndipo historia inauma. Kitabu cha Wamarekani cha kuainisha magonjwa ya akili, toleo la 1968, kiliiweka hali hii kama tatizo la utotoni, na kikaandika kwamba kwa kawaida hupungua ujanani. Kwa maana nyingine, ukifika miaka 18 umepona. Kama hujapona, basi ni tabia yako.

Paul Wender wa Chuo Kikuu cha Utah alikuwa kati ya waliokataa hilo. Kwenye miaka ya 1970 alianza kuchunguza watu wazima, na yeye na wenzake wakatengeneza vigezo vya kuitambua hali hii kwao. Toleo la 1980 la kile kitabu likabadilisha jina, mkazo ukahama kutoka kurukaruka hadi umakini. Jina la ADHD lenyewe liliingia 1987. Mwaka 1990 Alan Zametkin na wenzake wakachapisha picha za ubongo wa watu wazima waliokuwa na hali hii tangu utotoni, zikionyesha ubongo wao ukitumia sukari kidogo kuliko wa wenzao wakati wa kazi ya umakini. Mwaka 1994 madaktari wawili, Edward Hallowell na John Ratey, ambao wote wanasema wana hali hii, wakatoa kitabu kilichofanya watu wazima wengi Marekani waseme, kumbe ni mimi. Na ni 2013 tu ambapo vigezo vilirekebishwa rasmi kwa ajili ya watu wazima: kuanzia miaka 17 unahitaji dalili tano badala ya sita, na dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, si kabla ya 7 kama zamani.

2013! Uhuru Kenyatta alikuwa ameingia Ikulu tayari. Kwa hivyo mjomba wako aliyebadilisha biashara mara nane, au shangazi yako aliyeacha ualimu, akaacha ushonaji, akaacha duka, hakuna mtu angeweza kumwambia kitu. Lugha haikuwepo. Na kwa shangazi ilikuwa mbaya zaidi, manake tangu wale wavulana 15 na wasichana 5 wa Still, madaktari walizoea kutafuta mvulana anayeruka juu ya meza. Msichana anayeota ndoto za mchana dirishani, mtulivu, hasumbui mtu, alipita kimya hadi akawa mtu mzima anayelia bafuni kazini.

Sasa turudi nyumbani: historia ya kibarua

Watu wakizungumza kuhusu ADHD na kazi, huongea kana kwamba kazi ya saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni iliumbwa siku ya sita pamoja na Adamu. Haikuumbwa hivyo. Ililetwa, na ilipoletwa watu waligoma.

Nairobi yenyewe ilizaliwa 1899 kama kituo cha reli. Kabla ya kuwa mji, ilikuwa karakana na ratiba. Mwaka 1906 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya mabwana na watumishi, na chini yake mfanyakazi aliyetoroka kazi kabla ya mkataba kuisha alikuwa na kesi ya jinai. Sikiza vizuri: leo ukikosa kazini unafutwa. Wakati huo ungeweza kufungwa.

Lakini Mombasa kulikuwa na watu walioishi tofauti. Waliitwa vibarua. Kibarua ni barua ndogo, yaani ile karatasi ambayo mtu alipewa kuonyesha amefanya kazi ya siku, halafu anaitoa anapolipwa. Jina la karatasi likawa jina la mtu. Bandarini, kibarua alifika asubuhi, akachaguliwa, akapakua meli, akalipwa, akaondoka. Kesho akitaka anarudi. Asipotaka, ana shamba, ana uvuvi, ana biashara ndogo, au anapumzika tu. Mwanahistoria Frederick Cooper aliandika kitabu kizima kuhusu hawa watu, kilichotoka 1987, na kinachoonekana wazi ni kwamba wengi wao hawakuwa wakisubiri kwa hamu kuajiriwa kwa mwezi. Kutofungwa kwa tajiri mmoja kilikuwa kitu walichokithamini.

Wakoloni hawakupenda. Kwa macho yao, mtu anayechagua siku yake ya kufanya kazi ni mvivu na ni hatari. Mgomo wa 1934 ukatokea, wa 1939 ukafuata, na Januari 1947 Mombasa nzima ikasimama, wafanyakazi kama 15,000, kutoka bandarini hadi kwenye reli na mahotelini. Serikali ikaamua kwamba dawa ni kuwageuza vibarua kuwa wafanyakazi wa kudumu: wasajiliwe, wahesabiwe siku, na asiyefikisha siku zinazotakiwa afutwe kwenye orodha. Kufika miaka ya 1950 mpango huo ulikuwa unafanya kazi.

Sitaki kudanganya mtu. Kazi ya kudumu ilikuja na mshahara bora kuliko wa zamani na matumaini ya nyumba ya familia, na watu waliipigania. Kibarua naye alikuwa huru, lakini meli isipokuja alilala njaa, na akivunjika mguu shauri yake. Tena siwezi kusema vibarua walikuwa na ADHD. Walikuwa watu wa kila aina, kama wewe na mimi. Ninachosema ni hiki: huku kwetu bado kuna watu hai waliozaliwa wakati ambapo mtu angeweza kupanga siku yake kufuata meli. Ofisi ya mezani, mwaka mzima, kazi ile ile, ni kitu kipya. Kushindwa kuizoea hakumaanishi umezaliwa vibaya.

Utafiti wa Waariaal

Kuna utafiti mmoja uliofanyika kaskazini mwa Kenya ambao kila kijana Mkenya mwenye ADHD angefaa kuujua. Ulichapishwa 2008 na Dan Eisenberg na wenzake. Waliwapima wanaume zaidi ya mia moja wa jamii ya Waariaal, wafugaji wa upande wa Marsabit. Sehemu ya jamii hiyo bado ilikuwa inahama na mifugo. Sehemu nyingine ilikuwa imetulia mahali pamoja na kulima kwa miongo kadhaa.

Watafiti walitazama aina fulani ya jeni inayohusika na dopamini, ambayo tafiti nyingine zimeihusisha kwa kiasi na ADHD na hamu ya kutafuta vitu vipya. Kwa waliokuwa wakihama, wenye jeni hiyo walikuwa na lishe bora kuliko wenzao. Kwa waliotulia, ikawa kinyume: wenye jeni hiyo walikuwa na afya ya chini kidogo.

Jamii moja, jeni moja, mazingira mawili, matokeo mawili.

Tusiruke hapa na kushangilia kupita kiasi. Jeni moja si ADHD. Huu ni utafiti mmoja, na tofauti waliyoipata haikuwa kubwa. Hausemi kila mwenye ADHD alizaliwa kuchunga ngamia. Lakini unauliza swali zuri: kama mwili wa mtu unaweza kunawiri mahali pamoja na kudhoofika kwingine kwa kitu kile kile, kwa nini sisi tukitafuta kazi tunaangalia tu jina la cheo na mshahara, na hatuangalii mazingira?

Wale wanaotajwa kila siku

Ukitafuta mifano, utaletewa watu maarufu. Sawa, tuwaangalie, lakini tuwaangalie vizuri.

David Neeleman aliacha chuo kikuu, akashiriki kuanzisha shirika la ndege la Morris Air. Lilinunuliwa na Southwest mwaka 1993, akaajiriwa huko, na ndani ya miezi michache wakamfukuza. Akashiriki kuanzisha WestJet ya Kanada, akaanzisha JetBlue, ambayo iliruka mara ya kwanza mwaka 2000. Bodi ikamwondoa kwenye ukurugenzi 2007. Mwaka uliofuata tayari alikuwa Brazil anaanzisha Azul, na 2021 ndege za Breeze zikaanza kuruka. Amesema wazi kwamba ana ADHD. Kwa hesabu ya shangazi zetu huyu ni mtu asiyetulia. Lakini ona, hakubadilisha fani hata mara moja! Ni ndege, ndege, ndege. Alichobadilisha ni kampuni, na kila mara alikuwa kwenye hatua anayoiweza: mwanzo. Mambo ya kila siku yalihitaji watu wengine.

Michael Phelps alitambuliwa akiwa mtoto wa miaka kama tisa. Simone Biles naye, wadukuzi walipoanika rekodi zake za matibabu mwaka 2016 baada ya Olimpiki ya Rio, alisimama akasema ndio, nina ADHD, nimetumia dawa tangu utotoni, na sioni aibu. Watu wanasema, unaona, ADHD ni kipaji. Mimi naona kitu tofauti. Naona watu wawili ambao siku yao ilipangwa na kocha kuanzia alfajiri, wenye lengo moja linaloonekana, saa ya kupimia, na mashindano yenye tarehe. Biles alikuwa na dawa pia. Hakuna kati yao aliyeachwa peke yake na nidhamu yake.

Halafu kuna upande ambao hauwekwi kwenye picha zenye maneno matamu. Watafiti wa New York walifuatilia wavulana 135 waliotambuliwa utotoni, wakawatafuta tena miaka 33 baadaye wakiwa na wastani wa miaka 41. Ukilinganisha na wenzao, walikuwa wamesoma miaka miwili na nusu pungufu, na mapato yao yalikuwa chini. Hiyo ndiyo bei, na anayekwambia ADHD ni nguvu ya ajabu tu hajawahi kuilipa. Ila kwenye utafiti huo huo wengi wao walikuwa na kazi. Walifika kwa njia ndefu, lakini walifika.

Tafuta meli

Basi nini cha kufanya na hii historia yote? Mimi nimetoa kitu kimoja, na kinatoka bandarini.

Kilichofanya kazi ya kibarua ibebeke kilikuwa meli. Meli inakuja. Unaiona kwa macho. Inatakiwa ipakuliwe kabla iondoke, na hakuna anayekuuliza motisha yako iko wapi. Uko na wenzako, mwili unatembea, na jioni kazi imeisha kabisa, umelipwa. Kesho ni meli nyingine yenye mzigo mwingine.

Siku hizi tunauziwa uhuru bila meli. Jiajiri, fanya kazi ukiwa kejani, jipangie muda. Kwa mtu mwenye ADHD hiyo ni noma, manake uhuru wa "wakati wowote" kwetu unamaanisha kamwe. Na upande wa pili kuna ofisi yenye ratiba lakini haina meli: ripoti ambayo hakuna anayeisoma, mkutano wa kupanga mkutano. Zote mbili zinaua, moja kwa ukimya na nyingine kwa uchovu.

Kwa hivyo ukiangalia kazi, sahau jina kwanza. Uliza haya.

Meli iko wapi? Muuguzi wa idara ya dharura anayo: mgonjwa yuko mlangoni. Mhariri wa habari za saa moja jioni anayo. Mpishi wa harusi, fundi wa sauti, wakili wa mahakamani, mwalimu mwenye darasa la watu 50 wanaomwangalia, fundi wa umeme aliyeitwa stima ikipotea. Kazi za ofisini pia zinaweza kuwa nayo, kama kuna mteja wa kweli na tarehe ya kweli.

Nani anaiona? Kama hakuna mtu atakayejua umefanya au hujafanya kwa wiki mbili, hiyo kazi itakumaliza, hata kama inalipa vizuri.

Mzigo unabadilika ndani ya fani moja? Hili ndilo somo la Neeleman. Kuchoka na kampuni ni tofauti na kuchoka na fani. Wengi wetu tukichoka tunatupa vyote viwili na kuanza sifuri, na kuanza sifuri kila baada ya miaka miwili ndiko kunakofanya mtu wa 35 awe na mshahara wa mtu wa 24. Badilisha meli, lakini baki bandarini.

Nani atabeba ile sehemu usiyoiweza? Risiti, kodi, kufuatilia malipo. Weka mtu, weka programu, gawana na mwenzako, lipa dada wa hesabu mara moja kwa mwezi. Nyota wa kuogelea ana kocha na wewe unataka ufanye peke yako kwa nini?

Na la mwisho: mtafute daktari. Najua venye mambo yalivyo. Wataalamu ni wachache, wengi wako mijini, na gharama si mchezo. Mathari ilifunguliwa 1910 na hadi leo ukitaja jina lake mtu anacheka, na hicho kicheko kimefanya watu wengi wakae na shida yao nyumbani. Lakini video haiwezi kukupima. Kukosa usingizi, wasiwasi, huzuni ya muda mrefu, shida ya tezi, vyote vinaweza kufanana na ADHD. Na ukithibitishwa, dawa na ushauri wa kitaalamu vinasaidia wengi kiasi kwamba ile kazi uliyotaka kuiacha inaweza kugeuka kuwa ya kuvumilika. Usiamue kuhusu maisha yako yote kabla ya kujua hilo.

Ukishajua, una haki pia. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa, na kifungu cha 260 kinapoeleza ulemavu kinagusa hali za kiakili na kisaikolojia, mradi zinaathiri sana au kwa muda mrefu maisha ya kila siku. Kuomba kona tulivu, maagizo kwa maandishi, au kazi kubwa igawanywe kwa tarehe ndogondogo si kudeka. Wale wa 1947 waliomba makubwa kuliko hayo, tena mbele ya dola iliyokuwa na bunduki.

Crichton aliliona 1798: fimbo haileti umakini. Hata ile fimbo unayojichapa nayo saa nane usiku haileti. Iweke chini, ulale. Kesho asubuhi chukua karatasi, andika kazi zote ulizowahi kufanya, na kando ya kila moja uandike siku ambayo ulisahau kuangalia saa. Ulikuwa unapakua nini siku hiyo?